Punguza Kilo! Za Kwenye Chuma, Siyo za Kwako

Kichwa cha habari kisikuchanganye, mpenzi msomaji. Mwezi huu hatuongelei tumbo, wala lile gauni la send-off lililogoma kupanda zipu. Kilo tunazozungumzia ni zile sahani za chuma zinazopangwa kwenye ncha mbili za chuma kirefu, halafu binadamu mwenye akili timamu anaingia chini yake na kuchuchumaa nazo.

Mchezo huo unaitwa pawalifti. Wengi wanauchanganya na ule wa Olimpiki wa kurusha uzito juu ya kichwa, au na wale jamaa wa kujipaka mafuta na kutunisha vifua jukwaani. Pawalifti haina mbwembwe hizo. Kuna skwoti, yaani kuchuchumaa na chuma mgongoni na kusimama tena. Kuna benchi presi, unalala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani. Na kuna dedilifti, chuma kimelala sakafuni nawe unakiinua mpaka usimame wima. Kila mshindani ana nafasi tatu kwa kila aina, jumla mara tisa. Jaribio bora la kila aina linachukuliwa, yanajumlishwa, na mwenye jumla kubwa katika kundi lake la uzito wa mwili ndiye mshindi. Waamuzi ni watatu, kila mmoja na taa yake. Ukipata nyeupe mbili, umepona.

Sasa utauliza, haya yanahusu nini na kurasa za mapenzi? Yanahusu sana. Siku hizi watu wanaenda jimu wawili wawili kama njiwa, na karibu kila mdada ninayemjua anayenyanyua uzito wa maana ilibidi kwanza aweke kikao nyumbani. Ama mume kasema “utakuwa dume”, ama mama mkwe kauliza kama tumbo la uzazi litabaki salama. Wengine wana bahati: mwenza kakubali, tena kwa shangwe, na amejiteua kuwa kocha. Hapo ndipo kazi inapoanza.

NITAKUWA KAMA BAUNSA?

Tuanze na hofu hii ili tuiweke pembeni. Mwili wa mwanamke una homoni ya testosteroni kidogo sana ukilinganisha na wa mwanaume, tofauti ya mara kumi na zaidi. Misuli utapata, mapaja yatajaa, suruali zingine zitabana. Lakini shingo ya baunsa wa klabu haiji kwa bahati mbaya wakati unafanya skwoti mara tatu kwa wiki. Nguvu nyingi za miezi ya mwanzo hata hazitokani na misuli mipya. Ni ubongo unajifunza kuiamrisha ile uliyonayo ifanye kazi kwa pamoja.

Halafu tusijifanye wageni wa mizigo. Chuma cha mashindano, kabla hakijawekewa sahani yoyote, kina kilo 20. Ndoo ya maji ya lita 20 nayo ni kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Kuna mabinti wa miaka kumi na minne wanaoipandisha kichwani asubuhi na jioni na hakuna aliyewaambia wataota ndevu.

JAN NA TERRY

Kuna ndoa moja ambayo kila mwenye ndoto ya kufanya mazoezi na mpenzi wake anapaswa kuijua. Terry Todd alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Mercer, mji wa Macon, jimbo la Georgia huko Marekani. Miaka ya 1960 alikuwa bingwa wa nchi wa pawalifti, jitu la kilo 150 na ushee. Hapo chuoni akakutana na mwanafunzi aitwaye Jan, wakaoana mwaka 1973.

Jan alikuwa akienda jimu kama wake wengi wanavyokwenda, kumsindikiza mume na kujinyoosha pembeni. Siku moja wakiwa Texas akamwona mwanamke mwenye umbo dogo akifanya dedilifti ya pauni 225, kama kilo 102. Wakapiga stori mbili tatu. Kabla ya kuondoka, Jan naye akaunyanyua uzito uleule.

Kumbuka hapakuwa na mashindano ya wanawake wakati huo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilianzishwa mwaka 1972, na ubingwa wa dunia wa wanawake ulisubiri mpaka 1980, ulipofanyika Lowell, Massachusetts. Kwa hiyo Jan alishindana na kitabu. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilikuwa na rekodi ya dedilifti ya Mfaransa mmoja tangu miaka ya 1920, pauni 392. Mwaka 1975, Terry akiwa kocha wake, Jan akanyanyua pauni 394 na nusu, karibu kilo 179. Mwaka 1977 akawa mwanamke wa kwanza kuvuka jumla ya pauni 1,000 kwa vipengele vyote vitatu. Mwaka 1979 akaenda Scotland akanyanyua kwa pamoja mawe mawili maarufu ya Dinnie, yenye zaidi ya kilo 330, kwa msaada wa mikanda ya mikononi. Mwanamke mwingine hakuyanyanyua mpaka 2018.

Ndoa yao ilidumu miaka 45, hadi Terry alipofariki mwaka huohuo wa 2018. Pamoja walijenga kituo kikubwa cha historia ya michezo katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ambako Jan alikuwa profesa. Ninachotaka ukione ni hiki: kocha aliyelala kitanda kimoja na mnyanyuaji alikuwa anaujua mchezo. Hakuwa mpiga makofi tu.

SHEMEJI, TOA HIZO SAHANI

Mpiga makofi tunamjua. Nenda jimu yoyote ya Sinza au Mikocheni saa kumi na mbili jioni. Niliwahi kukaa pembeni nikiwatazama wawili, wachumba kwa macho yangu. Binti ana kilo 80 mgongoni. Anashuka nusu njia, magoti yanaingia ndani kama anabanwa na haja, anapanda. Kijana anashangilia, “Twende mama!”, simu mkononi anarekodi. Anaongeza sahani. Anaongeza tena.

Kocha wa pale, mzee wa makamo asiye na papara, akasogea.

“Dada, shikamoo yako nimeipokea. Shemeji, naomba utoe hizo sahani.”

“Kocha, mbona anaweza? Si umeona?”

“Nimeona. Tuwekee arobaini, ashuke mpaka chini, abaki huko akihesabu mbili, ndiyo apande. Akifanya mara tano vizuri, nitakununulia soda.”

Kijana alitoa, lakini kwa sura ya mtu aliyedhulumiwa. Na kilo 40 zile, zikishushwa hadi chini na kusubiriwa, zilimtoa binti jasho kuliko zile 80. Soda sijui kama ilinunuliwa.

Siyo ubaya wa yule kijana. Alidhani kumpenda mtu ni kumwongezea. Kwenye mchezo huu mwenye faida kwako ni yule anayesema “punguza”, kwa sababu jicho lake linaona kile ambacho wewe uliye chini ya chuma huwezi kukiona.

KUCHUCHUMAA TUNAKUJUA, AU TULIKUJUA

Wengi wetu tumelelewa na choo cha kuchuchumaa, kwa hiyo kushuka mpaka chini tulizaliwa tunakuweza. Kilichotuharibu ni viti vya ofisini na foleni ya Morogoro Road. Kanuni ya mashindano haina huruma: mkunjo wa nyonga, pale paja linapokutana na kiwiliwili, lazima ushuke chini kuliko sehemu ya juu ya goti. Ukiishia juu ya hapo, hata ungebeba tembo, taa ni nyekundu.

Chuma hakikai kwenye mfupa wa shingo. Kinakaa juu ya misuli ya mgongo, ama pale juu mabegani, ama chini kidogo nyuma ya mabega, mahali wanapopapenda washindani wengi kwa vile nyonga zinapata kufanya kazi zaidi. Ukishakitoa kwenye stendi, rudi nyuma hatua mbili au tatu, basi. Kutembea na uzito ni kupoteza nguvu za bure.

Kabla ya kushuka, vuta pumzi. Siyo ya kifuani, ile ya kujaza tumbo na mbavu pande zote, halafu kaza kama mtu anayetaka kupigwa ngumi ya tumbo. Hewa hiyo ndiyo nguzo ya mgongo wako. Wale wenye mikanda mipana hawaivai kubana kiuno wapate shepu. Mkanda unalipa tumbo kitu cha kusukuma.

Nyayo zishike sakafu sehemu tatu: kisigino, chini ya dole gumba na chini ya kidole cha mwisho. Magoti yafuate vidole vinakoelekea. Kosa kubwa zaidi linakuja wakati wa kupanda. Makalio yanatangulia, kifua kinabaki chini, na mgongo unaachiwa uvute mzigo peke yake. Hilo halitibiwi kwa kelele za “kaza!”. Linatibiwa kwa kupunguza kilo, kushuka taratibu, kutulia chini sekunde mbili na kupanda nyonga na kifua kwa mwendo mmoja.

Hapa ndipo simu ya shemeji ina kazi ya maana. Aiweke kando yako kwa pembeni kabisa, usawa wa nyonga, isiwe juu wala mbele. Video ya mbele inapendeza kwa kuposti. Ya pembeni inakuonyesha kina.

Na tafadhali, angalia unachonyanyulia. Jimu nyingi zina ile mashine ambayo chuma kimefungwa kwenye reli. Haikufundishi kusimamia mzigo mwenyewe. Sahani nazo, kwa kuwa nyingi zimeingia kama mitumba, zingine zimeandikwa pauni: ile ya 45 ni kilo 20 na pointi, siyo kilo 45. Nimewasikia watu wazima wakijisifia kwa hesabu hiyo.

DEDILIFTI SIYO KUINUA NDOO

Ndoo tunaiinua vibaya. Tunainama, mgongo unapinda kama upinde, mkono mmoja unavuta, basi. Kwa kilo 20 mwili unavumilia. Kwa kilo 100, mwili utakutumia bili.

Simama chuma kiwe juu ya katikati ya unyayo, ukitazama chini kinakuwa karibu sana na muundi, sentimeta mbili tatu. Inama ukishike bila kukisogeza. Kunja magoti mpaka miundi iguse chuma, inua kifua, mgongo unyooke. Kisha, kabla ya kuinua, vuta ulegevu wote uishe. Ni kama kamba ya mbuzi: unaivuta taratibu mpaka ikaze, ndipo unaanza kumburuta. Ukiishtua kamba iliyolegea utaumia wewe, mbuzi atabaki palepale. Utasikia chuma kikilia “tik” kwenye matundu ya sahani. Sasa sukuma sakafu kwa miguu kana kwamba unataka kuizamisha.

Chuma kipande kikikugusa mguuni njia nzima. Kikikaa mbali hata kidogo, uzito wote unahamia kiunoni. Ndiyo maana kanuni zinadai soksi ndefu za kufika chini ya goti, ngozi ya muundi isibaki kwenye chuma cha watu. Juu kabisa, nyoosha magoti, mabega nyuma, basi. Kujipinda nyuma kama mcheza mduara hakukuongezei alama. Na ukikipumzisha chuma mapajani ukijivuta kidogo kidogo, waamuzi watakuzimia ndoto.

Miguu karibu au miguu mapana? Mitindo yote miwili inakubalika. Wenye nyonga zinazofunguka vizuri mara nyingi wanapenda ya mapana, inayompa mgongo nafuu. Jaribu yote kwa wiki kadhaa, kwa uzito mdogo, usichague kwa sababu fulani anaifanya hivyo kwenye video.

Miili haifanani. Mmarekani Lamar Gant wa Flint, Michigan, alikuwa na uti wa mgongo uliopinda vibaya pembeni tangu utotoni, na mwaka 1985 akafanya dedilifti ya kilo 300 akiwa na kilo 60 za mwili. Mara tano ya uzito wake! Alikuwa wa kwanza duniani. Simtaji ili mwenye maumivu ya mgongo akimbilie chuma kesho. Nenda hospitali kwanza. Namtaja kwa wale wanaosema “mimi mwili wangu hauko hivyo” kabla hata hawajagusa kitu.

YALE TUSIYOYASEMA KWENYE GRUPU

Kuvuja mkojo. Ndiyo, nimeandika. Wanawake wengi wanaonyanyua uzito mkubwa, hasa waliokwisha kuzaa, mkojo unawatoka kidogo wakikaza tumbo kwenye dedilifti. Ni jambo la kawaida, lakini siyo la kuvumilia kimya. Misuli ya sakafu ya nyonga inafundishika, kama unavyokaza unapokatiza mkojo, na wataalamu wa fiziotherapia wanajua namna ya kukuelekeza. Mara nyingine shida ni namna unavyoshika pumzi, na hapo tena dawa ni kupunguza kilo na kuanza upya.

Mwenye presha ya kupanda asijaribu ile pumzi ya kushikilia bila kumwona daktari, maana inapandisha presha ghafla. Mjamzito naye aongee na daktari wake, siyo na mimi.

Kuhusu umri, usiniambie muda umepita. Mashindano ya kimataifa yana makundi ya kuanzia miaka 40, 50, 60 mpaka 70 na kuendelea. Na kwa walemavu wa miguu kuna pawalifti yao ya benchi presi pekee. Hellen Wawira wa Kenya aliirudisha nyumbani medali ya shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022.

MIEZI MITATU YA UCHUMBA NA CHUMA

Ukishaiva kimtindo na unataka kupanda jukwaani, jipe wiki kumi na mbili. Siku tatu au nne za tizi kwa wiki zinatosha. Wiki za mwanzo ni mizunguko ya mara tano hadi nane kwa uzito wa kati, katikati mara tatu hadi tano, mwishoni mara moja hadi tatu kwa uzito mkubwa. Karibu kila siku umalize ukiwa bado una uwezo wa kurudia mara mbili. Mtu anayefia jimu kila Jumatatu hafiki Ijumaa.

Dedilifti nzito ya mwisho ifanyike kama siku kumi kabla ya mashindano, maana inachelewa kutoka mwilini. Wiki yenyewe ya mashindano, mazoezi mepesi na usingizi. Kama ni mara yako ya kwanza, usijikondeshe ili uingie kundi dogo. Kula wali wako, maharage, mayai, dagaa, ukapime uzito ulivyo. Asiyekula hana nguvu, na hapo umekwenda kupimwa nguvu.

Uzito wa kufungulia uwe ule unaouweza mara tatu hata siku uliyolala vibaya. Tuseme dedilifti yako bora ni kilo 100. Fungua na 90, ya pili 97.5, ya tatu ndiyo ujaribu 102.5. Ukikosa zote tatu za aina moja, huna jumla, umekwenda kutalii. Ndiyo maana wenye uzoefu wanafungua na uzito mwepesi unaowashangaza watazamaji.

Asubuhi hiyo sahau losheni na mafuta ya nazi, miguuni na mikononi. Yanateleza na kanuni zinayakataza. Kinachoruhusiwa ni chaki ya unga viganjani, na poda, ile ya kawaida ya mtoto, mapajani ili chuma kipite. Viatu viwe vya soli bapa na ngumu. Raba za kukimbilia zina soli kama godoro.

Na shemeji? Mpe kazi ya amri. Wageni wengi wanapoteza kilo walizokwisha kuzinyanyua kwa sababu wamerudisha chuma kabla mwamuzi hajaruhusu. Kwenye skwoti, unasimama umetulia mpaka usikie “skwoti!”, unashuka, unapanda, unatulia tena mpaka usikie “raki!”. Benchi presi ina tatu: “stati!”, “presi!” chuma kikitulia kifuani, na “raki!”. Dedilifti unaanza mwenyewe, unasubiri “dauni!” tu. Wiki sita za mwisho mwenza wako asimame mbele yako na kuzitamka kwa sauti kila mnapofanya mazoezi. Akichelewa kwa makusudi kukutania, usinune. Mwamuzi naye huchelewa.